Kiraka Kisichofika Walikale Si Kiraka

Bonyeza kitufe cha Enter. Usikiachie. Hesabu mpaka sekunde 70.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uhispania, Hector Marco na Ismael Ripoll, walionyesha kwamba hilo tu lilitosha kulipita lango la kompyuta nyingi za Linux ambazo diski zake zimesimbwa. Mashine inakuuliza nenosiri; wewe hulijui; unakandamiza Enter kama mtoto mtukutu aliyeng'ang'ania kengele ya mlango wa watu, na baada ya kujaribiwa mara 93 mashine inachoka, inakuachia sebule pamoja na mamlaka ya msimamizi mkuu. Vyumba vya ndani vilibaki na kufuli, tuseme kweli. Yaliyosimbwa hayakusomeka. Lakini aliyesimama sebuleni aliweza kuinakili diski nzima akaihangaikie kwao kwa nafasi, aliweza kuifuta, aliweza kutega mtego wa kulinasa nenosiri siku mwenyewe akirudi. Na dawa? Dawa ya kwanza ilikuwa neno moja la kuongeza kwenye mpangilio wa kuwasha mashine. Mwenye vidole vyepesi analiandika kwa sekunde 3.

Sekunde 70 za kuvunja, sekunde 3 za kuziba. Halafu, kati ya hizo sekunde 3 na kijiji cha Walikale, huku mashariki mwa Kongo, kuna miaka. Hiyo miaka ndiyo ninayogombana nayo leo, na asije mtu kuniambia kuwa ni mambo ya mafundi.

Mwaka 2022, Goma, niliitwa kutazama kompyuta ya shirika moja linalohoji waathirika wa vita. Kijana wao wa mitambo alikuwa amehama, na mashine, walisema, imekuwa nzito. Mama aliyeitumia aliiweka mezani, akaifuta kwa ncha ya kitenge lile vumbi jeusi la lava lisiloisha mjini Goma, akaiwasha. Ubuntu 16.04. Toleo hilo la Linux watengenezaji wenyewe walikuwa wameacha kulihudumia kwa kawaida tangu Aprili 2021. Kabla hatujagusa chochote likaruka dirisha la Kifaransa kutangaza masasisho ya usalama. Mkono wake ukaenda wenyewe, bila macho kuufuata, kwenye kitufe cha "baadaye".

"Mama, unalifunga hivyo kila siku?"

"Kila asubuhi, papa. Ile ukiiacha inakula mega yote ya ofisi."

Nikafungua orodha. Mamia ya programu zilikuwa zinasubiri, na katikati yake zile zile ninazozijua: OpenSSL, GnuPG, cryptsetup, kiini chenyewe cha Linux. Yaani kila kufuli la nyumba. Kando kulikuwa na folda mbili, moja imeandikwa Masisi, nyingine Walikale. Sikuzifungua. Alinieleza mwenyewe kilichomo: majina ya wanawake, vijiji vyao, walichotendewa na, kwa baadhi yao, jina la kamanda. (Nenosiri la diski lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya begi la kompyuta. Hilo tuliache. Nikipewa magomvi mawili nachagua moja.)

Anayedhani majina hayo ni makaratasi tu haijui barabara ya Kibua na Mpofi. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, katika vijiji 13 vya Walikale, Luvungi kikiwa kimojawapo, waasi wa FDLR, Mai-Mai wa Sheka na washirika wao walibaka watu wasiopungua 387 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Wanawake, wanaume, watoto. Kambi ya walinda amani ilikuwa pale pale Kibua. Mtandao wa simu haukuwepo, na ukubwa wa yaliyotokea ulijulikana siku nyingi baadaye. Aibu ile ndiyo iliyoipa nguvu mipango ya tahadhari ya vijijini: MONUSCO, ujumbe wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ikaweka simu na redio, ikatafuta mtu wa kuaminika katika kijiji, ikamwambia, ukiona wanakuja, piga. Ntabo Ntaberi Sheka alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Hukumu ile haikudondoka kutoka mawinguni. Ilijengwa kwa majina: nani, wapi, lini, nani aliona.

Tangu wakati huo tumewahubiria watu wa Masisi na Walikale bila kupumzika: semeni, pigeni simu, tumeni picha, andikeni. Semina juu ya semina, na maji ya chupa juu ya meza. Wakasema. Wakaandika. Jambo moja hatukuwaambia: kwamba chombo tulichowapa cha kusemea kina kufuli lililopitwa na muda, na kwamba tulijua.

Kufuli la aina hii huoza, na wengi hawajui linavyooza. Wanadhani usimbaji ni kama sanduku la chuma la baba, ukishalinunua umemaliza. Chukua Heartbleed. Aprili 7, 2014 dunia iliambiwa kuwa ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti, kuna tundu. Walioligundua, mtu wa Google na wahandisi wa kampuni ya Kifini iitwayo Codenomicon, waliliona kila mmoja kivyake. Na utalielewa upesi zaidi ukiwa Rubaya, kwenye migodi ya Masisi, kuliko ukiwa chuo kikuu. Mchimbaji anashuka mlimani na mfuko wa koltani begani. Anasema, "Kilo 64." Ni mnunuzi gani wa Rubaya atakayelipa kwa kusikia? Atauweka mzigo kwenye mizani, atautikisa, atauweka tena, na hata hapo bado atakupunja. OpenSSL haikupima. Kompyuta ya mbali ilituma herufi moja ikasema, "hili ni neno la herufi elfu 64, nirudishie kama lilivyo." Seva, kwa ukarimu wa kijinga, ikarudisha ile herufi moja pamoja na chochote kilicholala jirani yake kwenye kumbukumbu: manenosiri, barua za watu, wakati mwingine hata funguo za siri zenyewe. Mwizi alirudi mara elfu bila kuacha alama ya unyayo. Kosa lilikuwa limeingizwa mwishoni mwa 2011 na mtu aliyejitolea kwa nia njema, na aliyemkagua naye likampita. Kiraka kilikuwa mistari michache: pima kwanza, ndipo urudishe.

Na kilitolewa siku ile ile.

Mradi wenyewe ulikuwa fukara. Mtu mmoja wa kazi ya kutwa, michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, huku makampuni ya mabilioni yamelala usingizi wa pono juu ya mgongo wake. Hata hivyo kiraka kilitoka, bure, kwa yeyote. Januari 2021 Tavis Ormandy wa Google aliripoti tundu katika Libgcrypt, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na GnuPG. Kesho yake toleo lililozibwa lilikuwa hewani. Ndivyo watu wa programu huria wanavyofanya kazi, na mimi huwavulia kofia. Shuleni tulikaririshwa habari za ufa na ukuta mpaka tukachoka. Hawa ufa wanauziba, tena usiku, tena bila mshahara. Udongo wao ndio hautufikii.

Unakwama wapi? Fuata simu. Android nayo imejengwa juu ya Linux, na sehemu kubwa yake ni huria. Tangu Agosti 2015, baada ya tundu la Stagefright kuitikisa, Google hutoa viraka kila mwezi. Kila mwezi! Kisha kiraka kinaanza safari kama lori linalotoka Bukavu kwenda Walikale msimu wa mvua: kwanza kwa mtengenezaji wa chipu, halafu kwa mtengenezaji wa simu, pengine kwa kampuni ya mtandao, na kila kizuizi kina bwana wake mwenye sababu ya kulishikilia. Wakati wa Heartbleed, Android 4.1.1 ilikuwa na tundu lile. Google ikasema imewapelekea washirika wake maelezo ya kuziba. Washirika! Mwenye simu hakuwa mshirika wa mtu. Alikuwa mteja aliyekwisha kulipa, basi.

Siku moja motari aliyenibeba kutoka Sake aliniomba nimsaidie simu yake iliyojaa picha. Nikaingia kwenye mipangilio, penye habari za simu, nikamwonyesha mstari wa kiraka cha usalama. Novemba 2018. Sisi tulikuwa 2022.

"Hiyo ni tarehe ilipozaliwa?" akauliza.

"Hapana, kaka. Ni tarehe ilipokufa."

Akacheka, akapiga kiki, akaondoka nayo. Angeiacha wapi? Ndiyo benki yake, ndiyo redio yake, na wazee wa mtaa wake humpigia hiyo hiyo kumwuliza kama barabara imefungwa. Aliinunua sokoni Birere, katika zile za okazioni, kwa makuta aliyoyakusanya mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia kwamba anachonunua kimeshaachwa na waliokitengeneza. Samaki wa Birere hufunuliwa shavu ukaona wekundu. Simu haifunuliwi shavu.

Kuna ubaya mwingine unaokuja polepole. Novemba 2020 Let's Encrypt, shirika linalotoa bure vyeti vya usimbaji kwa tovuti nyingi za dunia, lilikadiria kuwa theluthi moja ya simu za Android zilikuwa na matoleo ya kabla ya 7.1 na zingeshindwa kuvitambua vyeti vyake vipya. Walihangaika wakapata njia ya kuzibeba simu hizo miaka michache zaidi, mpaka 2024. Heshima kwao. Lakini mtu mwenye simu kuukuu hukutana na nini siku cheti kinapokataliwa? Onyo jekundu: muunganisho huu si salama. Leo onyo, kesho onyo, mpaka kidole kinajifunza njia ya "endelea tu". Tumemfundisha mtu wetu kwamba onyo la usalama ni mbu wa kufukuzwa kwa mkono. Siku mwizi wa kweli atakapokaa katikati ya waya, onyo litakuwa lile lile, na kidole kitakuwa kile kile.

Nasikia mtu wa Kinshasa akiguna: watu wako wanakimbia risasi, wanalala kwenye turubai, wewe unatuletea OpenSSL? Ndiyo, ninawaletea. Tena nyinyi ndio wa kwanza kuletewa. Mwaka 2020 serikali ilituletea RAM, daftari la simu za mkononi. Ilitukata initi kimya kimya, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti na dola 1 kwa kitochi, na moja ya sababu tulizopewa ni kutulinda dhidi ya simu bandia na za wizi. Vijana wa LUCHA waliingia barabarani, bunge likapiga kelele, mwaka 2022 kodi ikafutwa. Kwa muda wote ule dola zinakatwa, mlikuwa mkijua kila modeli inayowaka nchini. Mlikuwa na orodha mikononi! Kuna aliyeuliza hata mara moja ni ngapi kati ya hizo zimekwisha kutelekezwa bila viraka? Machi 2023 tukapewa Kanuni ya Dijitali, kitabu kinene, chenye sura za data binafsi. Simu ya motari wangu bado inasema Novemba 2018.

Na sasa jiwe lenyewe, maana hapa ndipo damu inaponipanda.

Rubaya, Masisi, inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Watu wanaichimba kwa sururu na koleo. Ndani yake mna tantalum, inayoingia kwenye vile vikapasita vidogo kuliko punje ya mtama vinavyotuliza umeme katika simu na kompyuta. Bisie, Walikale, inatoa kama asilimia 6 ya bati la dunia, na bati ndilo linaloingia kwenye lehemu inayoshikanisha vipande vyote hivyo. Kwa hiyo ukiivunja simu yoyote iliyoko Birere, uwezekano ni mkubwa kwamba unashika udongo wa nyumbani uliozunguka dunia ukarudi. Mfinyanzi hulia gaeni, tulishazoea. Tatizo langu ni etiketi.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha kifungu cha 1502 katika sheria ya Dodd-Frank, sisi huku tukakiita sheria ya Obama. Makampuni yakatakiwa kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au kwa jirani zake. Rais Kabila akafunga migodi ya Kivu na Maniema tangu Septemba mwaka ule mpaka Machi 2011, familia zikalala njaa ili mtumiaji wa Chicago awe na dhamiri safi. Kisha zikaja etiketi za ITSCI, mpango wa kufuatilia madini yametoka wapi. Etiketi ya plastiki yenye namba ikafungwa kwenye shingo ya mfuko mgodini, nyingine ikafungwa kwa mnunuzi. Mtu akaandika daftarini uzito, tarehe, jina la mgodi. Global Witness walikuja kudai mwaka 2022 kwamba etiketi hizo zilitumika kusafisha madini machafu, na aliyewahi kukaa Masisi hakushangaa sana. Waasi wa M23 walipoichukua Rubaya Aprili 30, 2024, ITSCI ilisimamisha kazi Masisi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kuwa waasi wanakusanya pale dola zisizopungua 800,000 kila mwezi. Lakini tazama juhudi zile. Miaka zaidi ya kumi, fedha, wakaguzi, mikutano ya Paris, ili jiwe litokalo kwetu lijulikane limetoka shimo gani.

Jiwe linaondoka na etiketi mbili. Simu inarudi bila hata moja. Hakuna aliyeandika juu ya boksi: kufuli hili litahudumiwa mpaka mwezi fulani wa mwaka fulani. Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu Uingereza inafanyika: tangu Aprili 29, 2024 sheria inamtaka mtengenezaji ataje muda wa chini ambao kifaa kitapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya nao tangu Juni 20, 2025 umeweka kipimo cha miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Google na Samsung zinaahidi miaka 7 kwa simu zao za bei kali. Kumbe wanaweza! Wanaweza kwa anayenunua London. Kwa anayekaa juu ya mlima lilipotoka jiwe, wanaweza kesho.

Ninachotaka kinaandikika kwenye nusu ukurasa. Simu isiyotaja tarehe ya mwisho wa viraka isivuke mpaka, iwe mpya au okazioni. Sheria ya forodha tunayo, maofisa tunao, kila siku wanahesabu mifuko ya unga. Na kampuni za simu zinazokusanya makuta yetu zipitishe masasisho ya usalama bila kukata mega, kwa sababu kumlipisha mtu wa Walikale ili azibe tundu ambalo hakulitoboa ni kumtoza ushuru wa kizuizi, tofauti yake na ule wa porini ni kwamba huu una nembo.

Rafiki yangu mmoja, aliyepita vizuizi vingi kuliko mimi, huniambia napoteza wino. Mwenye bunduki, anasema, hahitaji tundu la OpenSSL. Anakwambia fungua, unafungua. Ni kweli, na sina kiraka cha mtutu. Lakini mwenye bunduki barabarani anafungua simu moja moja, mbele ya mwenyewe. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 27, 2025, maghala na ofisi ziliporwa, kompyuta zikatoka mikononi mwa wenyewe zikaingia mikononi mwa yeyote. Machi 19 mwaka ule ule M23 wakaingia Walikale-centre, watu wakatawanyika misituni. Katika siku kama hizo mwenye nenosiri hayupo, hakuna wa kuambiwa fungua. Kilichobaki kati ya aliyeokota mashine na folda yenye jina la kijiji ni kufuli peke yake, kama kufuli hilo liliwahi kuhudumiwa.

Wengine wanaogopa dirisha la masasisho lenyewe, na hao siwacheki. Mwaka 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kukuta simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa tayari na programu hasidi, Triada na xHelper, zinazowaandikisha watu huduma za kulipia na kuwamalizia mega bila wao kujua. Mtu aliyewahi kuibiwa na simu yake mwenyewe, kwa nini aamini dirisha linaloomba mega? Hata ulimwengu huria nao una wachawi wake: Machi 2024 iligunduliwa kuwa mtu aliyejiita Jia Tan alikaa kama miaka miwili akijipendekeza kwa mtunzaji mchovu wa programu iitwayo xz, mpaka akapandikiza mlango wa nyuma wa kuingilia seva. Aliyemnasa, Andres Freund, alianza kwa kuona tu kwamba kuingia kwenye mashine yake kumechelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Alichimba kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na tundu likazibwa kabla halijafika kwenye matoleo ya watu wa kawaida. Programu iliyofungwa ingekulazimu umwombe mwenye kiwanda akuchimbie.

Na uwazi huo unatupa kitu ambacho hatujakitumia. Debian na Ubuntu (neno hilo la pili la Kibantu, utu, ambalo tajiri wa Afrika Kusini aliupa mfumo wake kuwa jina) hutia saini ya kidijitali kwenye orodha ya vifurushi vyao. Kompyuta haijali kifurushi kimekuja kwa waya gani, inajali saini. Maana yake hazina nzima ya viraka inaweza kuwekwa kwenye diski ya nje, ikafungwa kwenye nailoni, ikapandishwa pikipiki. Ikipita kwenye vizuizi kumi, ikishikwa na mikono kumi, yeyote atakayebadilisha kitu ndani atakamatwa na saini, na mashine itakikataa. Motari anayebeba mafuta ya mawese na betri za jua kuingia Walikale anaweza kubeba viraka vya miezi mitatu katika mfuko wa shati. Hospitali, parokia, ofisi ya mashahidi, mwalimu mwenye kompyuta moja: wote wangeziba bila kununua hata mega moja. Hakuna uvumbuzi hapo. Ni kazi ya kijana mmoja na diski moja. Wafadhili wanaonunua kompyuta kwa mamia hawajawahi kumlipa kijana huyo, kwa sababu kompyuta mpya hupigwa picha, na kiraka hakina sura.

Ile kompyuta ya Goma niliimaliza. Kutoka 16.04 huwezi kuruka moja kwa moja; unapanda 18.04 kwanza, kisha 20.04, kila ngazi na gigabaiti zake. Mega ya ofisi ilikata kamba saa tano usiku. Nikaendelea na yangu, nimekaa chini ya dirisha ambapo mtandao ulikuwa unashika, mlinzi akiniletea chai na kuniuliza kama bado. Saa kumi na mbili asubuhi mashine ilijiwasha upya, ikaomba nenosiri, mama akaliandika (kutoka kwenye kile kikaratasi), folda zake mbili zikatokea pale pale zilipokuwa.

Nikapeleka hesabu ya mega kwa mhasibu. Kijana mpole. Alifungua bajeti ya mfadhili akashuka nayo mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo. Usafiri, ulikuwepo. Maji ya semina, yalikuwepo. Bango, fulana, vitenge vya Machi 8, tena na mshono wake. Masasisho ya kompyuta hayakuwepo, wala kitu kinachofanana nayo. Akafikiri kidogo, akavuta kitabu cha risiti.

"Muzee," akaniambia, "andika tu vitenge sita."